Modeli na Masharti Yake: Desturi ya Japani na ya Magharibi

Anayechonga modeli za michezo ya kompyuta kwa mapenzi, bila mshahara, huvutwa na mambo mawili. Anataka upanga wake, nyumba yake au basi lake litumiwe na watu wengi iwezekanavyo. Papo hapo hataki kuikuta kazi hiyohiyo kesho ina jina la mwingine, pengine na bei juu yake. Desturi mbili kubwa zimelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi: ya Japani, iliyokua kuizunguka programu ya MikuMikuDance, na ya Ulaya na Marekani, iliyokua kuizunguka michezo kama Skyrim. Kila moja imeona ambalo mwenzake hakuliona.

Kwanza, jambo linalozishinda zote mbili: modeli haifungiki. Ili kompyuta iichore kwenye kioo, nukta zake zote lazima zifike kwenye kadi ya michoro zikiwa wazi, na zipo programu, kama Ninja Ripper, zilizoundwa kuzinasa papo hapo. Nywila humchelewesha mwizi tu. Kinachomfaa mchongaji ni ushahidi. Watu wawili wanaweza kuchonga upanga wa umbo moja, lakini haitokei nukta zao maelfu zikajipanga kwa mfuatano uleule, wala ngozi ya modeli, yaani picha inayoifunika, ikakunjuliwa kwa vipande vilevile vilivyokatwa palepale. Ndiyo maana mchongaji mwangalifu hulitunza faili lake la kazi lenye hatua zote, na akiibiwa huweka picha za nyavu mbili za nukta, wa kwake na wa mdai, kando kwa kando. Mwizi mvivu hana la kujibu.

Tuanze na Japani. Hatsune Miku, mwimbaji wa kidijitali wa kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo, alitoka Agosti 2007. Mwaka 2008 Yu Higuchi akatoa bure MikuMikuDance, programu ya kuwachezesha dansi wahusika wa namna hiyo. Crypton iliwaruhusu mashabiki kumtumia Miku katika kazi zisizo za biashara, kwa masharti yaliyoandikwa. Kwa hiyo aliyemchonga Miku hakuanza kazi akiwa na hatia ya kuchukua cha mtu, naye akawafanyia wengine kama alivyofanyiwa. Fungua kifurushi cha modeli ya Kijapani: pamoja na umbo na ngozi utakuta faili dogo la maandishi. Limetaja nani kachonga, nani kachora ngozi, kipi ruksa na kipi marufuku. Usiisambaze upya. Usiiuze. Usiitumie katika picha chafu. Usizing'oe nywele zake ukazipachika kwenye modeli nyingine. Wengine hukifunga kifurushi kwa nywila ambayo ni jibu la swali dogo juu ya mhusika au masharti, ili mwenye pupa akwame mlangoni. Naye anayetengeneza video kwa modeli hizo huorodhesha waliozichonga, na asipofanya hivyo huulizwa na watazamaji.

Magharibi, ruhusa iliwekwa kwingine. Nexus Mods, ghala la Uingereza lenye mizizi tangu 2001, humtaka mwenye modi, yaani nyongeza ya mchezo iliyotengenezwa na shabiki, aseme kwenye ukurasa wake kama kazi inaweza kupakiwa kwingine, kurekebishwa au kuingizwa katika kazi ya mtu mwingine. Watengenezaji wa modi wamegawanyika kambi mbili na kuzipa majina: kanisa kuu, ambamo kila mwashi hujenga juu ya jiwe la mwenzake, na sebule, ambamo mgeni hutazama vya mwenyeji bila kuvigusa hadi aruhusiwe. Kambi hizo ziliishi pamoja kwa sababu hapakuwa na pesa. Tarehe 23 Aprili 2015 kampuni ya Valve na ile ya Bethesda, iliyotengeneza Skyrim, zikaanza kuuza modi za mchezo huo, mtengenezaji akipata asilimia 25. Mara modi moja ya uvuvi wa samaki ikaondolewa sokoni, kwa kuwa ilitegemea mienendo iliyotengenezwa na mtu mwingine aliyeitoa bure. Baada ya siku nne biashara yote ikafutwa. Mwaka 2016, modi za mchezo wa Fallout 4 zilipofunguliwa kwa wenye mashine ya Xbox One, kazi za watu zilichukuliwa Nexus na kupakiwa katika ghala la Bethesda bila idhini. Ruhusa zilizoandikwa kwenye ukurasa zilibaki Nexus. Mafaili yalisafiri peke yake.

Hapo Japani iliona mbali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Mjapani limo ndani ya kifurushi chenyewe. Lakini desturi hiyo nayo ina kasoro. Masharti ya Kijapani hayakusomeka kwa mashabiki wengi wa ng'ambo, wakayavunja, baadhi kwa kutojua na baadhi kwa kujifanya hawajui. Kubwa zaidi, marufuku ya kusambaza upya ina maana kwamba mchongaji akitoweka au ghala likifungwa, hakuna mwenye haki ya kuiokoa modeli.

Magharibi walikumbana na swali hilo ana kwa ana. Julai 2021 Nexus ilitangaza kwamba mafaili yatakayoondolewa na wenyewe yatahifadhiwa, yasifutwe kabisa, ili mikusanyo ya modi isivunjike. Wasioridhika walipewa muda mfupi wa kutoa kazi zao, na wako waliozitoa. Lengo lilikuwa jema, ila uamuzi ulikuja watu wakiwa wameshakabidhi kazi zao kwa sharti jingine. Ukibadilisha mapatano mali ikiwa tayari mkononi mwako, usishangae mwenyewe akiidai.

Sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina yake ya 2001, na zote zinaitambua haki ya mtunzi bila kumlazimisha kusajili kwanza. Lakini nani ataajiri wakili kwa ajili ya modeli ya basi aliyoitoa bure? Kwa mchongaji wa kujifurahisha, ulinzi ulio karibu ni masharti yaliyo wazi na wenzake wanaoyaheshimu.

Kwa hiyo kijana unayechonga basi au matatu usiku baada ya kazi, chukua kwa wote wawili. Weka faili la maandishi ndani ya kila kifurushi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Taja kila uliyetumia kazi yake. Andika kinachoruhusiwa, na uandike pia nani arithi modeli hiyo ukinyamaza au ukiacha. Faili lako la kazi usilitoe kwa mtu. Nawe unayepakua, soma kabla ya kutumia, na ukitumia, taja jina.