Adhika masa: mwezi wa nyongeza

Watoto wa Mkotokuyana, Nachingwea, na wenzao wa Ruangwa huyatambua majira kwa mikorosho. Ikifika Oktoba mabibo yameiva, na shambani kila mwenye mikono anaokota. Siku hizohizo, Oktoba au Novemba, usiku wa giza mwezi usipoonekana, Wahindu wa Dar es Salaam huwasha taa za Diwali. Ramadhani nayo hufuata mwezi, ila huzunguka: miaka mingine masika, miaka mingine kiangazi. Mbona Diwali haiuachi msimu wa korosho?

Jibu limo katika maneno mawili ya Kisanskriti: adhika masa.

Tuhesabu pamoja. Tangu mwezi uandame hadi uandame tena ni siku 29 na nusu hivi. Miezi 12 hufanya siku 354, na mwaka wa jua una 365. Basi mwezi hulitangulia jua kwa siku 11. Kalenda ya Kiislamu huuacha mwezi uende zake. Kalenda ya Kihindu huusimamisha ulingoje jua.

Njia ya jua angani imegawanywa buruji 12, mfano wa vyumba 12. Kwa kawaida, kila mwezi unapokwisha jua limeshahamia chumba kingine. Lakini kila baada ya miaka miwili na nusu au mitatu hivi, mwezi huandama ukaisha jua lingali chumba kilekile. Mwezi huo hupewa jina la unaoufuata, ikawa miezi miwili wajina. Mwaka 2023 mwezi wa Shravan ulikuja mara mbili. Diwali ya 2022 ilikuwa Oktoba 24. Bila wajina huyo, iliyofuata ingekuwa Oktoba 13 au 14. Ikawa Novemba 12.

Tuyatie Kiswahilini. Masa halina tabu: asili yake ni mwezi wa angani na wa kalenda, sawa na neno letu mwezi. Adhika ni kilichozidi. Tungeweza kusema mwezi wa ziada, lakini ziada yaweza kuwa hata kilichosalia tu. Nyongeza hutiwa kwa makusudi. Gunia la korosho lisipofika uzito, mpimaji huongeza konzi moja, konzi mbili, mpaka mizani itulie. Mwezi huu ndiyo konzi hiyo. Kwa hiyo adhika masa ni mwezi wa nyongeza.