Kiungo cha Nuru kati ya Singida na Katesh

Nuru ilianza kubeba mawasiliano ya Hanang na jirani yake Mbulu baada ya mwaka 2009, Mkongo wa Taifa ulipoanza kujengwa na mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam. Uwezekano huo ulikuwa umeonyeshwa mwaka 1966 na Charles Kao na George Hockham, waliodai kwamba uzi wa kioo safi ungeweza kupitisha nuru mbali, na kampuni ya Corning ikautengeneza mwaka 1970. Tangu hapo kioo kimeboreshwa mno, lakini ugumu umebaki pale pale nuru inapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Fundi wa mkongo huumenya uzi, huusafisha kwa spiriti, huukata ncha ikawa bapa, kisha mashine huzikabilisha ncha mbili na kuziyeyusha kwa cheche ya umeme, kwa kuwa kiini kinachobeba nuru kina upana wa mikromita 9 tu. Hata hivyo nuru ya kawaida inayopungua njiani huongezewa nguvu na vikuzaji.

Fotoni moja moja, yaani chembe ndogo kabisa za nuru zinazotumika katika mawasiliano ya kwanta, hazina bahati hiyo, kwa sababu Wootters na Zurek walithibitisha mwaka 1982 kwamba hali ya kwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Zaidi ya hayo, njia ya nuru ndani ya chipu ya silikoni, ambamo fotoni hizo zinaweza kutengenezwa, ina upana wa nanomita 500 hivi, kwa hiyo ikigusanishwa na uzi moja kwa moja, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nuru hupotea. Kuanzia mwaka 2002 watafiti walitoa majibu mawili: mifereji myembamba iliyochongwa juu ya chipu ili kuielekeza nuru juu kwenye uzi, na ncha ya njia ya nuru inayochongoka taratibu, ambayo, kinyume cha matarajio, huitanua nuru badala ya kuibana. Jibu la pili ndilo lenye werevu zaidi.

Umbali wa Singida hadi Katesh wilayani Hanang, kama kilomita 65 kwa barabara, unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili: kwa uzi unaopoteza desibeli 0.2 kila kilomita, fotoni 5 hivi kati ya 100 ndizo zingefika, na kiungo cha chipu na uzi kinachopoteza nusu kingeacha 2 au 3.