Tamathali za usemi katika utendi wa Mwindo

Utendi wa Mwindo ni simulizi la kishujaa la Wanyanga wa Walikale, Kivu Kaskazini, ambao kwa lugha na mila wanakaribiana na jirani zao Wahunde wa Masisi. Wenyewe huuita karisi. Toleo linalofahamika zaidi lilitambwa mwaka 1956 na Candi Rureke, mkazi wa kijiji cha Bese, kwa siku 12. Mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck na mwanaisimu Kahombo Mateene walilichapisha Marekani mwaka 1969, kwa Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Anayetaka kuona tamathali za usemi zikifanya kazi, badala ya kuzikariri kwa ajili ya mtihani, atazikuta humu.

Chuku inaanza kabla shujaa hajazaliwa. Shemwindo, mwami (mtawala) wa kijiji cha Tubondo, amewakataza wake zake saba kumzalia mtoto wa kiume. Mtoto aliye tumboni mwa mke kipenzi anamchotea mama yake maji na kumletea kuni mlangoni, kisha anajichagulia pa kutokea: kidole cha kati cha mama. Anazaliwa akitembea na kusema, na hapo ndipo lilipotoka jina lake la sifa, Kabutwa-kenda. Baba anajaribu mkuki, anajaribu kaburi, mwisho anamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni. Yote bure.

Lakabu hiyo hurudi kila Mwindo anapojigamba, na takriri ya namna hii haihukumiwi kwenye karatasi. Mtambaji huimba, hucheza na kuigiza huku vijana wakigonga fimbo kavu iliyolazwa juu ya vijiti. Kibwagizo kinampa nafasi ya kuvuta pumzi na kinawaruhusu wasikilizaji waitikie. Katikati ya wimbo hujitaja hata yeye mwenyewe. Ukisoma kimya kimya utachoka upesi, lakini kosa si la Rureke.

Tashihisi inabebwa na conga, usinga wa mkia wa nyati ambao Mwindo alizaliwa nao mkononi. Kuzimuni, alikoshuka kumfuata baba yake aliyekimbia, Muisa, bwana wa huko, anampiga kwa mshipi wake hadi anaanguka akitokwa na povu. Usinga unajiinua wenyewe, unamgusa kichwani, naye anaamka. Taharuki ya tukio hili ilikwisha kutegwa mapema: kabla ya kushuka, Mwindo alimwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba, akamwambia kwamba ikitulia ajue amekufa. Kwa hiyo msikilizaji anafuatilia pigano akiwa na jicho moja kwenye kamba.

Nguvu kubwa kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kinaya. Nkuba, mwenye radi, ndiye aliyeiteketeza Tubondo kwa ajili ya Mwindo. Baadaye Mwindo anamuua Kirimu, joka la vichwa saba, bila kujua kuwa ni rafiki wa Nkuba. Mshirika yuleyule anampandisha mbinguni, na mwenye majigambo anateswa mwaka mzima na baridi, mvua na jua. Anarudi akiwa amekatazwa kuua wanyama, na ndipo anapotawala kwa utulivu.

Mwaka 1978 Biebuyck alitoa matoleo mengine matatu katika kitabu Hero and Chief. Visa vya matoleo hayo havilingani na vya Rureke, maana kila mtambaji hupanga karisi yake.