Wazazi Hawakungoja: Historia Fupi ya TAPA na Jumuiya ya Wazazi

Ukitoka Mchikichini kwa Barabara ya Uhuru, ukaacha mitumba ya Karume nyuma yako na kuipita Kariakoo, unatokea Mnazi Mmoja, mkabala na Mtaa wa Lumumba. Enzi za mkoloni mtaa huo uliitwa New Street. Kila mtoto wa shule anajua kwamba TANU ilizaliwa hapo tarehe 7 Julai 1954. Wachache wanajua kwamba mwaka uliofuata, 1955, kiliundwa pia chama cha wazazi Waafrika wa Tanganyika kilichofahamika nchi nzima kwa herufi nne: TAPA. Siasa za TANU zimeandikiwa vitabu vingi. Shule za TAPA hazijaandikiwa vya kutosha, na ndizo ninazotaka kuzikumbuka hapa.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa mji mdogo. Sensa ya 1957 ilihesabu watu 128,742. Hata hivyo, kwa habari ya elimu, mtoto wa mjini alikuwa na bahati. Kariakoo yenyewe ilikuwa na shule ya Al-Jamiatul Islamiyya, iliyojengwa kwa michango ya wakazi, na shule za serikali na za misheni hazikuwa mbali. Kijijini mambo yalikuwa mengine kabisa. Shule nyingi za vijijini zilikuwa mikononi mwa misheni, na pale misheni isipofika, mara nyingi hapakuwa na kitu. Katika vijiji vya Uzaramo na Rufiji wapo wazazi waliokuwa na shule ya misheni karibu, lakini waliogopa kwamba mtoto akienda kusoma angerudi na dini nyingine. Mzazi wa namna hiyo hakuwa adui wa elimu. Alichotaka ni shule isiyomlazimisha kuchagua kati ya kitabu na imani yake, na TAPA haikumuuliza mtu dhehebu.

Shule za TAPA zilijengwa na wanakijiji wenyewe. Watu waliitana kwenye msaragambo, wakakata miti na fito, wakakandika udongo, wakaezeka kwa makuti au nyasi. Watoto walikalia magogo. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyeishia darasa la nane au hata chini yake, na malipo yake yalitegemea mavuno: mwezi huu senti kidogo, mwezi ujao mchele na kuku, mwezi mwingine ahadi. Hakuwa na cheti cha ualimu, lakini alijua kusoma, kuandika na kuhesabu, na kijiji kilimwita mwalimu kwa heshima ile ile anayopewa mwenye shahada leo. Naamini kabisa kwamba vijana wale wanastahili kutajwa mwanzo katika historia hii, kabla ya viongozi.

Serikali ya kikoloni iliwatazama kwa jicho la shaka. Sheria ilitaka shule isajiliwe, na ili isajiliwe ilihitaji jengo la kueleweka, mwalimu mwenye sifa na kibali cha ofisa elimu. Shule ya makuti ingevitoa wapi? Zaidi ya hayo, nyuma ya kila shule ya TAPA mkuu wa wilaya aliona kivuli cha TANU, na kusema kweli hakukosea. Katika vijiji vingi mtu yule yule aliyekusanya michango ya shule ndiye aliyeuza kadi za chama. Mzazi aliyekuja kumwandikisha mtoto aliondoka na habari za uhuru. Sioni aibu yoyote katika hilo. Kumnyima mtoto shule lilikuwa jambo la siasa, basi na kumjengea shule lilikuwa siasa vilevile.

Uhuru ulikuja Desemba 1961 na kuikuta nchi ya watu zaidi ya milioni 9 ikiwa na wanafunzi wa shule za msingi wasiofika nusu milioni. Ungetarajia kwamba sasa TAPA ingepumzika. Haikuwa hivyo. Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano wa 1964 hadi 1969 ulitanguliza sekondari na vyuo, kwa kuwa nchi ilihitaji haraka madaktari, wahandisi na maofisa wa kushika nafasi zilizoachwa na wageni. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake, lakini kwa mwanakijiji ulimaanisha kusubiri tena. Kwa hiyo shule za makuti zikaendelea kuota, na safari hii aliyelalamikia ubora wake alikuwa Wizara ya Elimu ya serikali huru. Wizara ilikuwa na hoja. Mtoto aliyesoma kwa mwalimu asiyefunzwa alifika kwenye mtihani akiwa nyuma ya wenzake. Lakini mbele ya mama mwenye watoto watano na shule rasmi iliyo mbali, hoja hiyo ilikuwa nzito kuitamka.

Mgogoro huo ulimalizwa na mabadiliko makubwa zaidi. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule zilizopata ruzuku chini ya serikali. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Dola ilikuwa imeibeba kazi iliyoanzwa na wazazi.

Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, wazazi wa TAPA waliingia humo kama Jumuiya ya Wazazi, mojawapo ya jumuiya za chama, na jumuiya ikatafuta kazi mpya. Ikaipata sekondari. Mamilioni walikuwa wakimaliza darasa la saba huku nafasi za kidato cha kwanza zikiwa chache mno. Katika miaka ya 1980 Jumuiya ya Wazazi ikawa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa sekondari zisizo za serikali, nyingi zikiwa mbali na miji. Watumishi wengi wa umma wa leo walikosa nafasi katika shule za serikali wakapokewa huko, kwa ada ambayo mzazi aliipata kwa kuuza pamba au ng'ombe.

Kisha shule za sekondari za kata zikasambaa kuanzia 2004, na Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa katika shule za serikali. Kwa nchi ilikuwa neema. Kwa shule inayoishi kwa ada lilikuwa pigo, na baadhi ya shule za Wazazi zimebaki na madarasa yenye nafasi nyingi na paa zinazohitaji mkono.

Kuhusu majengo hayo viongozi watajadiliana. Mimi nina haraka na jambo jingine. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza chini ya makuti mwaka 1956 akiwa na miaka minane sasa anakaribia themanini. Yeye ndiye anayemjua mwalimu wake kwa jina, aliyetoa kiwanja, na aliyepika siku ya msaragambo. Jumuiya ina matawi hadi vijijini. Itume vijana wenye simu za kurekodi wakae na wazee hao mwaka huu, kijiji kwa kijiji, wakianzia Kisarawe na Rufiji.