Ali wa mfukoni

Wadau, wikendi hii nimeifufua PSP yangu nikacheza Fight Night Round 3, gemu ya ndondi ya EA iliyotoka 2006. Muhammad Ali yumo, Joe Frazier yumo.

Historia kidogo. Mwaka 2004 Fight Night ya kwanza ilizihamishia ngumi kwenye kijiti cha kulia cha PlayStation 2. Cha kushoto kikabaki na miguu. PSP ina kijiti kimoja tu! Ukikipa ngumi, miguu inakuwa mizito. Ukikipa miguu, ngumi zinarudi kwenye vitufe.

Sifa nazitoa: nyuso zinavimba kweli, na pambano unalibeba hadi kwenye daladala. Lakini Ali aliyemvua Sonny Liston ubingwa mwaka 1964 alikuwa miguu kwanza. Ali wangu alisimama wima akila makonde ya Frazier.

Nilikasirika, kisha nikakumbuka Manila, 1 Oktoba 1975. Ali ana miaka 33, miguu imeshachoka. Alisimama, akapigwa, akavumilia, mpaka kocha Eddie Futch akamzuia Frazier asitoke raundi ya 15.

Kumbe ile kasoro imenionyesha Ali wa kweli pia. Nyie mnamkumbuka yupi?