Paa la Eastlands na jiwe lililotoka chini ya bahari

Mafundi walikuja kubadilisha paa la nyumba jirani katika mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi. Walivunja mabati ya asbesto kwa nyundo na kutupa vipande uani. Jioni nikakuta watoto wanavitumia kama chaki, wakichora chini mistari ya mchezo wao wa kuruka. Mzee mmoja wa kwetu, mzaliwa wa Malindi, akaniuliza: "Mwanangu, hii asbesto ni simiti tu, ama ni kitu gani hasa?"

Nilimjibu kwa ufupi tulipokuwa tumesimama, lakini swali lake lastahili jibu refu zaidi, kwani wengi wetu tuliohamia Nairobi twalala chini ya mapaa ya aina hiyo.

Paa lile ni simiti iliyochanganywa na nyuzi za jiwe. Kwa kawaida nyuzi huwa takriban asilimia 10 hadi 15 ya mchanganyiko, na sehemu kubwa ya asbesto iliyotumika duniani ni ya aina iitwayo krisotili. Krisotili ni mojawapo ya madini ya serpentini, jina litokanalo na neno la Kilatini la nyoka. Jiwe lake huwa la kijani kibichi, linang'aa kama limepakwa mafuta, na mara nyingi lina mabaka kama ngozi ya nyoka.

Chanzo chake ni mbali sana chini. Dunia ina ganda la nje, na chini ya ganda kuna tabaka nene liitwalo koti la dunia. Chini ya bahari ganda hilo lina unene wa kilomita 7 hivi. Chini ya nchi kavu ni kilomita 30 au zaidi. Mwamba mkuu wa sehemu ya juu ya koti ni peridotiti, mzito na wa kijani, wenye madini ya olivini na piroksini. Huko chini umekauka, na hautulii ukikutana na maji.

Pale ambapo sakafu ya bahari hupasuka, maji ya chumvi huteremka kwenye nyufa hadi kuufikia mwamba huo. Joto likiwa chini ya nyuzi 400 za selsiasi hivi, olivini hunywa maji na kugeuka serpentini. Serpentini hubeba maji kiasi cha asilimia 13 ya uzito wake, japo ukiishika ni kavu kabisa. Mwamba huwa mwepesi zaidi na huvimba, kwa hivyo hupasuka tena na kufungulia maji njia mpya. Chuma kilichomo hutoa sumaku asilia iitwayo magnetiti, na gesi ya haidrojeni huachiliwa.

Serpentini ziko tatu. Lizarditi hutokea katika joto la chini. Krisotili hukua ndani ya nyufa, nyuzi kwa nyuzi, na ndiyo iliyochimbwa kuwa asbesto. Antigoriti huja mwamba ukizikwa tena na kupashwa joto zaidi. Joto likipita nyuzi 600 hivi, hata antigoriti huvunjika, maji hutoka, na olivini huzaliwa upya. Maji hayo yakipanda juu huyeyusha miamba na kulisha volkeno, kama zile za Japani na Indonesia.

Basi jiwe la chini ya bahari hufikaje nchi kavu? Mabara yanapogongana, kipande cha sakafu ya bahari huweza kupandishwa juu ya nchi. Wataalamu hukiita ofioliti. Wengi wa wasomaji wa pwani wana jamaa Oman, na huko ndiko kuliko na ofioliti kubwa na iliyochunguzwa sana, ile ya Semail. Milima ile ya rangi ya kahawia iliyo kati ya Maskati na Falme za Kiarabu ni sakafu ya bahari iliyoundwa takriban miaka milioni 95 iliyopita. Kampuni ya Oman iitwayo 44.01, iliyoshinda tuzo ya Earthshot mwaka 2022, huingiza hewa ya kaboni iliyoyeyushwa majini ndani ya peridotiti hiyo ili igeuke jiwe.

Kenya nayo ina yake, kongwe zaidi: Sekerr huko Pokot Magharibi, Baragoi huko Samburu, na upande wa Moyale. Hayo ni mabaki ya bahari iliyofungwa mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 550 iliyopita, na kuacha mkanda wa miamba iliyogeuzwa unaoteremka hadi Msumbiji. Milima ya Taita imo katika mkanda huohuo. Nairobi yenyewe imekaa juu ya miamba ya volkeno, yenye umri mdogo sana ikilinganishwa na hiyo.

Jiwe likiwa mlimani limetulia. Hatari huanza linapovunjwa, kwa sababu nyuzi za krisotili ni nyembamba mno, hazionekani kwa macho, na zikivutwa hukaa mapafuni. Shirika la Afya Duniani lasema kila aina ya asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ya utando wa mapafu. Ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Mtoto aliyechorea kipande kile leo huenda akaumwa akiwa mtu mzima.

Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini mapaa ya zamani yangalipo. Paa zima lisilopasuka liacheni lilivyo: msilitoboe, msilikate kwa msumeno, msilipige brashi. Likihitaji kuondolewa, NEMA ina mwongozo, na kazi ni ya wenye leseni: mabati huloweshwa maji, hushushwa mazima, hufungwa kwa plastiki na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Vumbi lisifagiliwe kavu.

Vile vipande vya uani tulivinyunyizia maji, tukavifunika turubai na kuwazuia watoto wasipite, kisha tukamwita mwenye nyumba alete watu wa kazi hiyo. Mzee wangu alitazama, akasema, "Kumbe bahari imetufuata hadi huku." Imetufuata kweli, na yataka heshima ileile.