Ubani: Sifa Zake na Hadhari Zake

Ubani ni utomvu wa mti uliokauka. Mti wenyewe si mrefu wala haupendezi sana machoni. Huota juu ya mawe katika nchi zenye ukame, kama Dhofar kusini mwa Oman, Yemen, Somalia na Ethiopia, na jamaa yake mmoja huota katika nyika za kaskazini mwa Kenya. Wataalamu wa mimea huuita ukoo huo Boswellia. Mvunaji hukwangua gamba kwa kisu. Matone meupe hutoka, yakaganda kwa jua na upepo, naye hurudi baadaye kuyabandua. Jina letu limetoka katika neno la Kiarabu luban, ambalo ni ndugu wa neno laban, yaani maziwa.

Ni vitu vichache vilivyosifiwa na mataifa mengi, kwa muda mrefu, kama ubani. Katika karne ya 15 kabla ya Kristo, Malkia Hatshepsut wa Misri alipeleka merikebu katika nchi ya Punt. Kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahri zina michoro ya safari hiyo, na ndani yake huonekana watu wakichukua miti ya uvumba pamoja na mizizi yake. Hati ya uganga ya Misri ijulikanayo kwa jina la Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, imeutaja uvumba miongoni mwa dawa. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Celsus wa Rumi aliuhesabu ubani pamoja na vitu vya kuzuia damu ya jeraha. Karne hiyo hiyo baharia mmoja wa Kigiriki aliandika kitabu cha kuongoza wafanya biashara wa Bahari ya Hindi. Humo alitaja ubani wa pwani ya Somalia na wa Arabuni, kisha akaendelea kusini mpaka soko la Rhapta katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyeishi tangu 980 mpaka 1037, aliutia ubani katika kitabu chake cha Qanun, kilichosomwa na matabibu wa Mashariki na wa Ulaya kwa karne nyingi.

Je, ukongwe wa sifa hizi ni ushahidi kwamba kila sifa ni ya kweli? La. Watu wa kale waliutumia ubani kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ilikuwa kuupaka, kuutafuna au kuunywa. Hata leo Oman wako watu wanaoloweka punje za ubani katika maji usiku kucha, wakanywa maji yake asubuhi. Njia ya pili ilikuwa kufukiza. Wengi waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa mbovu yenye uvundo; basi wakaona kuwa harufu nzuri huufukuza uvundo, na maradhi yakaenda nao. Fikira hiyo ilidumu mpaka karne ya 19. Ndipo Louis Pasteur, Robert Koch na wenzao walipoonyesha kuwa maradhi mengi huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1882 Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Tangu hapo ilijulikana kuwa chumba chaweza kunukia vizuri na bado kikawa na maradhi ndani yake.

Njia ya kwanza imepata bahati kubwa kidogo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Ujerumani waligundua kuwa ndani ya ubani mna asidi ambazo huzuia baadhi ya vitu vinavyoleta uvimbe mwilini. Wagonjwa wenye maumivu ya magoti walijaribiwa kwa dawa zilizotengenezwa kwa ubani, na baadhi yao walipata nafuu. Lakini majaribio hayo yalikuwa ya watu wachache, na dawa zenyewe hazikuwa za namna moja. Hakuna ushahidi kwamba ubani huponya saratani, ingawa wachuuzi husema hivyo. Tena mafuta ya ubani yanayouzwa katika chupa ndogo hupatikana kwa mvuke, na asidi zile ni nzito, haziruki pamoja na mvuke. Anayeuza mafuta hayo kwa sifa za utomvu wenyewe auza jina tu, na mafuta hayo hayafai kunywewa.

Kizuri hakikosi ila. Ubani ukinywewa huweza kuleta kichefuchefu, kiungulia au kuharisha. Mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarin, huweza kudhurika akiuchanganya nayo. Mama mjamzito asiunywe bila ya shauri la daktari.

Moshi wake nao wahitaji hadhari kubwa zaidi, kwa sababu wengi hawaushuku. Moshi ni moshi, uwe wa kuni au wa ubani. Una chembe ndogo mno ziingiazo katika mapafu, na mtoto mwenye pumu huweza kubanwa na kifua kwa sababu yake. Tena chetezo hutiwa makaa, na makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iwezayo kumuua mtu aliyelala. Harufu ya ubani haiiondoi sumu hiyo.

Hatusemi vyetezo vivunjwe. Ubani umo katika ibada, arusi na misiba yetu, na heshima hiyo haihitaji kibali cha mganga wala cha mtaalamu. Twasema madirisha yafunguliwe, mtoto mchanga na mgonjwa wa pumu watengwe na moshi, na makaa yatolewe nje kabla ya watu kulala. Na mtu anaposifiwa dawa kwamba ni ya tangu zamani, na aulize mambo matatu: ni sehemu gani ya dawa hiyo iliyojaribiwa, kwa kipimo gani, na juu ya mgonjwa wa namna gani. Wazee wetu walichunguza kwa macho na pua, kwa kuwa hivyo ndivyo vyombo walivyokuwa navyo. Sisi tumepewa vyombo zaidi, na kutovitumia ni kuwavunjia heshima wao waliotutangulia kutafuta.